Duara la Kazmodan

Leo hii ukimuuliza mtu habari za Kazmodan atakukodolea macho tu, na wala si kosa lake. Kazmodan alitokea mara tatu katika vitabu vya katuni vya Sajini Kimondo, mwaka wa arobaini na nne, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akala ngumi mara tatu, basi, ikawa imetoka. Alikuwa mchawi mwembamba, joho la kijani, pua ndefu, na hakuwa na uwezo wa kufanya uovu wowote mpaka kwanza achore duara sakafuni kwa chaki na kulijaza maandishi. New York ya siku zile ilikuwa imejaa mashujaa wa karatasi, na kila shujaa alihitaji mtu wa kumpiga. Huyu alikuwa mmoja wa waliopigwa.

Aliyemchora ni Ottavio Brusca, na wale wachache wanaokusanya vitabu hivyo vikuukuu wanalijua jina lake. Lakini maneno, yale ya ndani ya viputo juu ya vichwa vya watu, aliyaandika mtu mwingine, Velvel Sapirshtein, na jina lake halikuwekwa popote, kwa sababu waandika maneno hawakuhesabiwa kuwa watu wa kutajwa. Jambo hilo huniudhi mpaka leo. Kwa hiyo namsimulia Velvel.

Alizaliwa na kukulia East Broadway, orofa ya tatu, katika nyumba iliyonuka wino na ngozi ya ndama. Baba yake, Reb Nosn-Ber, yaani Bwana Nosn-Ber, alikuwa mnakili wa Torati. Kazi yake ilikuwa kuiandika Sheria nzima juu ya ngozi kwa kalamu ya unyoya wa bata bukini, herufi laki tatu na ushee, na ikikosekana moja tu kitabu hakisomwi mpaka kirekebishwe. Velvel alipofika miaka mitano alikalishwa mezani akapewa kunakili ile Zaburi inayotundikwa juu ya kitanda cha mwanamke anayejifungua. Aliinakili asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkono wake ukawa unaijua kuliko alivyoijua yeye mwenyewe. Kuna herufi moja ndefu ambayo mzee alikuwa akiivika taji lake kwa kijipinda cha kushoto, na kijipinda hicho hakumfundisha mtu mwingine duniani ila mwanawe.

Sasa, kwa Wayahudi hawa Jina la Mungu haliandikwi hivi hivi. Mnakili akilifikia husimama, hufuta kalamu, hutamka kwa kinywa chake kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake, ndipo aandike. Likishaandikwa halifutwi. Karatasi yenye Jina haitupwi wala haichomwi. Ikichakaa hupelekwa makaburini ikazikwa.

Velvel alipotimiza miaka kumi na tisa mzee alimpa ngozi yake ya kwanza ya kitabu cha kweli. Aliandika safu nne bila doa. Katika safu ya tano, ndani ya Jina lenyewe, akaruka herufi moja. Halifutwi, halirekebishwi, ngozi nzima imekufa. Reb Nosn-Ber hakugomba, na afadhali angegomba. Aliiviringisha ngozi, akaipeleka kuzikwa, na tangu siku ile hakuyatazama tena maandishi ya mwanawe. Simaanishi maandishi matakatifu peke yake. Velvel akiacha kijikaratasi mezani kwamba amekwenda kununua maziwa, mzee alikigeuza kifudifudi, akangoja mwenyewe arudi, akamuuliza, "Uliandika nini?"

Usidhani hawakupendana. Mama alikwisha fariki, wakabaki wawili. Walipikiana mchuzi wa shayiri, walicheka, mmoja akikohoa mwingine hakulala. Lakini miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Velvel alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, hata jeshi lilikuwa limemkataa kwa sababu ya macho, na bado alikuwa na hamu moja tu moyoni: baba yake autazame mwandiko wake tena, hata mara moja, hata kwa hasira.

Karakana ya katuni ilikuwa orofa ya nne, Mtaa wa Ishirini na Tatu. Ottavio alichora kwa penseli, wengine wakapitisha wino, Velvel akajaza viputo. Ijumaa moja ya Januari ukurasa wa saba wa Kazmodan ulifika mezani kwake saa tisa alasiri, na jua la Januari linazama mapema, na Sabato ikiingia Velvel hashiki kalamu. Tarishi wa mtambo wa kuchapa alikuwa amesimama mlangoni tayari. Na Ottavio, kwa uvivu wake, duara alilichora likiwa tupu. Alisema maandishi ya uchawi si kazi ya mchoraji, weka mkorogo wowote, nani atasoma? Velvel akainama akajaza duara. Alikuwa akifikiria treni, mishumaa, na kama mzee amekumbuka kutoa mkate kwenye tanuri. Alipomaliza alichukua kofia akakimbia, na wala hakukumbuka tena alichoandika.

Kitabu kilitoka Aprili. Vita vilikuwa vinakula karatasi nyingi, kila jengo likikusanya zake, na pale East Broadway aliyezifunga kwa kamba alikuwa Mama Pesha Grobman wa orofa ya chini, mwanamke asiyeacha hata bahasha impite. Jumapili asubuhi Reb Nosn-Ber alishuka na magazeti yake, akaona juu ya rundo kitabu kimefunguka. Pua ndefu, joho la kijani, na chini ya miguu ya yule mchawi Zaburi ya wanawake wenye uchungu, mstari kwa mstari, ikiwa na taji lile la kijipinda cha kushoto. Mama Grobman alisimulia baadaye kwamba mzee alilazimika kukaa kwenye ngazi.

Alikipandisha kitabu mpaka orofa ya tatu, akakiweka mbele ya Velvel, juu ya sahani ya mayai.

"Nani kaandika hapa?"

Velvel alitazama. Mkono wake ulikuwa umeandika kitu pekee ulichokijua. "Mimi, Baba," alisema, akangoja makaripio. Na niseme ukweli wote: ndani ya hofu ile alifurahi, kwa sababu kidole cha mzee kilikuwa juu ya herufi zake.

Mzee aliuliza jambo lingine kabisa. "Ulipofika kwenye Jina, ulisimama ukatamka?"

Angeweza kusema hapana, mambo yakaisha. Bila kutamka ni wino tu. Lakini hakuwa amejifunza kumdanganya baba yake. "Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Mzee akakisogeza kitabu kando ya mayai. Kisha akaeleza hoja yake. Vile vitabu vilivyochapwa ni kazi ya mtambo, na mtambo hauna nia, vyenyewe havimtishi sana. Lakini iko karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wa mtu. Kama mtu yule alitamka, basi pale pana Jina, nayo iko wapi? Velvel alijua iko wapi, na alitamani asingejua. Kurasa za asili zilirudishwa karakana zikarundikwa stoo, na Bwana Lindquist, mwenye karakana, alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu stoo yote inakwenda kusagwa kwa ajili ya vita.

"Basi kesho twende wote," mzee akasema.

Siku ile haisahauliki kwa waliokuwepo. Lifti ilikuwa mbovu. Mzee wa miaka sabini na mmoja, kofia nyeusi, ndevu mpaka kifuani, alipanda orofa nne kwa miguu akasimama katikati ya wachoraji, na ukutani kila upande michoro ya wanaume wenye nguo za kubana wanavunja madirisha. Hakutazama kushoto wala kulia. Aliomba aonyeshwe Mtaliano.

Ottavio alishusha miguu yake kutoka mezani upesi, maana alilelewa vizuri hata kama haikuonekana. Velvel alimweleza kinachotakiwa: je, Ijumaa ile alimwona akitamka kitu kabla ya kuandika?

"Huyu?" Ottavio akasema. "Mzee wangu, mimi namwambia tarishi anangoja, yeye anaweka kalamu chini, anaifuta, ananong'ona. Anaandika kidogo, anasimama tena. Nikadhani ananilaani."

"Mara ngapi?" mzee akauliza kupitia kwa mwanawe.

"Tano. Najua kwa sababu kila akisimama nilimtukana, na nilimtukana mara tano."

Reb Nosn-Ber akafumba macho. Zaburi ile ina Jina mara tano. Alipoyafumbua alimtazama mwanawe usoni kwa namna ambayo Velvel hakuweza kuistahimili, akageuka kuelekea stoo.

Marobota yalikwisha burutwa mpaka kando ya ngazi, na wabebaji wawili walikuwa wanaanza kuyateremsha. Bwana Lindquist alipiga kelele kidogo kuhusu muda wake, kisha akaona mzee anapiga magoti kwenye vumbi, akaenda kutafuta kisu cha kukatia kamba. Walipekua wote, hata wapaka wino. Kurasa mia na zaidi zilipita mikononi: magari yanayoruka, nyani wenye bunduki, Sajini Kimondo akipiga mtu, Sajini Kimondo akipiga mtu mwingine. Robota la nne lilikuwa limefika orofa ya pili, na Ottavio aliteremka ngazi tatu tatu akalipokonya begani kwa mbebaji, wakatukanana kwa Kitaliano, maana mbebaji naye alikuwa wa kwao. Humo ndimo ulimokuwa ukurasa wa saba.

Mzee aliubeba mpaka dirishani kwa mikono miwili. Akatoa mfukoni ile lenzi ya kukagulia Torati, akaufuta mvuke wa pumzi yake, akainama. Velvel alisimama nyuma yake, akiwa na miaka kumi na tisa tena.

Kukagua si kusoma. Mnakili anashuka juu ya kila herufi peke yake, anaona kama imesimama, kama imegusa jirani yake, kama imekamilika. Kwa kuwa maandishi yalizunguka duara, mzee alilazimika kuuzungusha ukurasa pole pole kadiri alivyokwenda, na Kazmodan akazunguka nao, mara kichwa juu, mara pua chini. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye Jina la tano alishuka juu ya kila herufi mara mbili.

Mzee akainua kichwa. "Hakuna kosa," alisema. "Ni safi, mwanangu."

Velvel alilia. Alilia mbele ya wenzake wote, mtu mzima, na kamasi juu, na sioni kwa nini nifiche. Ottavio alimpa kitambaa chenye wino, na Velvel akabaki na uso wa bluu mpaka jioni.

Velvel aliomba wauweke ukurasa ule nyumbani, ndani ya kabati, mahali pa heshima. Mzee akakataa kwa upole. Jina haliwezi kukaa chini ya miguu ya mchawi hata siku moja zaidi, na kuukata ukurasa hakuruhusiwi. Wiki hiyo hiyo walikwenda nao makaburini Queens, ukazikwa pamoja na vitabu vya sala vilivyochakaa vya sinagogi yao. Ottavio alikuja amevaa tai nyeusi. Alisema Kazmodan ni wake pia, na hajawahi kuona mhalifu wake yeyote akizikwa na watu wenye adabu.

Hadithi ya tatu ya Kazmodan ilitoka Agosti. Safari hii duara alilijaza Ottavio mwenyewe, kwa mistari iliyofanana na tambi, na mchawi akapigwa ngumi yake ya mwisho, hakuonekana tena. Velvel hakukileta kitabu hicho nyumbani. Aliporudi kutoka kazini alikuta kipo juu ya meza ya chakula, na baba yake amekiinamia na lenzi. Alikuwa ameshuka mpaka kwa muuza magazeti, akamwonyesha kwa vidole urefu wa pua mpaka akaeleweka. Kiingereza hakujua kukisoma, ila maneno machache ya dukani. Alikuwa anapita kwenye viputo, herufi baada ya herufi.

"Hapa ulikuwa na haraka," mzee alisema, kidole juu ya kiputo cha tatu.

Velvel alitazama. Ilikuwa kweli. Tarishi alikuwa mlangoni.

"Ndiyo, Baba."

"Na hapa mkono ulitulia."

Velvel alivuta kiti akakaa karibu naye, bega kwa bega, na mzee akafungua ukurasa wa pili.