Chujio la Bustani ya Mama

Hospitali walimkataza Mama kubeba ndoo kichwani kwa sababu ya mgongo, lakini nyanya zake pale Kidahwe hakuna aliyezikataza kunywa. Ndiyo maana nilimtandazia mipira ya matone, yenye vitundu vya kudondoshea maji kwenye kila shina, na jirani mwenye pampu akawa anatujazia tangi kutoka mtoni. Maji yale yana mchanga laini kama unga. Wiki haikuisha, vitundu vikaziba. Nikavizibua, nikanunua chujio, nikalifunga kati ya tangi na mipira huku Mama amenishikia spana.

"Haka kakopo ndiko katanibebea ndoo?" akauliza.

"Wewe kaa kitini tu, Mama."

Nikarudi Ujiji kwenye kibarua changu, kichwani naona bustani za ukoo mzima zimetandazwa mipira hadi ziwani. Kila jioni nilimpigia simu: maji yanaendaje? "Yanaenda, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa lugha ya kwetu. Na kila Jumapili nilizikuta nyanya zimenawiri. Nikawasimulia wenzangu kazini mpaka wakaniita Bwana Maji.

Jumatano moja nikaenda bila kusema. Tangi limejaa pomoni. Tone hulowesha udongo kidogo tu, kama kisahani cha kikombe, ila siku hiyo kila shina lilikuwa na duara la maji pana kama sinia. Nikageuka. Mama alikuwa anapanda kutoka mtoni, ndoo kichwani, mkono mmoja kiunoni.

Nikampokea ndoo kwanza.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu wiki ya pili. Matone yalikata."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Ningeanzia wapi?"

Nikafunga tangi, nikafungua chujio. Wavu wa ndani ulikuwa umevaa tope zito. Muuzaji aliniambia nilioshe kila baada ya siku mbili. Mimi nilisikia habari za kufunga tu. Nikausugua kwa mswaki mkuukuu, nikarudishia, nikafungulia maji. Likatoka tone, likafuata jingine.

Mama akakaa chini taratibu, akachungulia.

"Yanatoka kivivu. Kama wewe ukiamshwa."

"Lakini hayaumwi mgongo."

Mama akanyoosha mkono. "Funga tangi, nifundishe kukafungua. Wewe ukifika mjini unasahau."

Nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukazungusha kifuniko. Kilikuwa kigumu. Akaniambia nimwachie, akakizungusha peke yake.