Viza Iliyofungiwa Ugoro

Mimi napenda safari kuliko chakula, ingawa mbali nilikowahi kufika ni Arusha mjini, tena juu ya magunia ya vitunguu. Nilipomaliza darasa la saba nilipata kazi ya kupika katika nyumba ya wageni ya misheni hapa Karatu, na kila mgeni aliyekuwa mpole nilimwomba anionyeshe pasipoti yake. Nafungua taratibu, nasoma mihuri ya nchi, namrudishia kwa mikono miwili. Wenzangu jikoni walikuwa wakinicheka: "Haya, leo umelala wapi? Ujerumani?"

Akaja mama mmoja mwalimu, Mzungu mjane, Kiswahili chake kama cha Biblia. Akaenda Ngorongoro kutazama kreta, akarudi amefurahi, akaniomba nimpeleke nyumbani kwetu amsalimie mama yangu. Nikampeleka kwa majivuno. Majirani walijaa uani. Yeye akatundika mkoba wake kwenye ua, akakaa chini kupukuchua mahindi nasi. Tulipoinuka, ua upo, mkoba haupo. Mkoba wenye pasipoti, na ndani ya pasipoti, viza.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akasema tu, "Usilie, dada. Ila nifike nyumbani mapema." Binti yake wa pekee alikuwa karibu kujifungua, na mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atakuwa kando ya kitanda.

Ubalozi wake Dar es Salaam ukamtumia pasipoti mpya. Nzuri, safi, haina hata doa. Na hapo ndipo penye shida: haina viza wala muhuri wa kuingilia. Ofisa wa uhamiaji aliyekuwa akija Karatu kushughulikia wageni aliigeuza geuza, akacheka mpaka kitambi kikacheza.

"Mama, kwa kitabu hiki wewe hukuingia Tanzania. Sasa utatokaje mahali ambapo hukuingia?"

"Lakini mimi nipo hapa, bwana."

"Hilo naliona. Kitabu ndicho hakilioni. Niletee viza ya zamani nikupe mpya."

Kila alipokuja alitaka achinjiwe kuku. Akishika pasipoti, anaacha alama za mafuta ya vidole. Siku zile sabuni ilikuwa haionekani madukani, sisi tulifulia majivu, na yule mama alikuwa na kipande kimoja chenye harufu ya maua. Ofisa akaomba kunawa. Akarudi anakausha mikono kwa taulo la mama, na sabuni, mbichi vile vile, ameitia mfukoni mwa suruali, kitambaa kinalowa. Nilichukia mpaka nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Mama wa watu akamtazama, akanitazama mimi.

Basi mama yangu akaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, na mjumbe akaenda kwa wazee. Sisi Wairaqw wa kitongoji kile ni watu wa kanisa, lakini laana ya wazee hakuna asiyeiogopa. Ikatangazwa kwamba Jumatatu alfajiri watasimama njia panda wamtamkie mwizi. Jumapili, tunarudi kanisani, mkoba huo hapo, umetundikwa pale pale uani!

Nilipiga vigelegele. Kitana kimo, miwani imo, picha ya binti imo. Nikafungua pasipoti: jalada, na karatasi yenye sura ya mama. Nyingine zote zimekatwa kwa kisu. Viza hakuna.

Mzee mmoja jirani yetu akaishika, akatikisa kichwa kama anayesifu ng'ombe mzuri.

"Huyu mwizi ana akili. Laana hufuata sura na nywele za mwenye mali. Sura amerudisha, kitana amerudisha. Karatasi tupu haina mwenyewe, itamlaani nani?"

Watu wakacheka, majirani zangu, walionibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mtu mzima alikuwa amekaa na kisu, akichagua kwa utulivu kipi kina laana na kipi hakina, na wao wanaona ni jambo la kuchekesha. "Mnamjua," nikasema. "Nyote mnamjua." Mama yangu akanifinya.

Karatasi nene zinafaa kazi gani? Siku ya mnada nikaenda moja kwa moja kwa bibi muuza ugoro.

"Bibi, karatasi hizi za kufungia umezitoa wapi?"

"Nimeletewa, mjukuu wangu."

"Na nani?"

"Na mtoto wa mtu. Unanunua au unanizibia wateja?"

Nikafungua vile vifurushi vya ugoro, kishungi kimoja kimoja, bibi ananitukana kwa Kiiraqw. Viza haimo. Nikageuka, nikamwona yule yule mzee jirani, kishungi mkononi, na pembeni muhuri wa bluu unachungulia.

"Mzee, shikamoo. Naomba karatasi hiyo."

"Marahaba. Ngoja nimalize."

Nikangoja. Akachota, akavuta, akapiga chafya, akafuta pua kwa kona ya karatasi, ndipo akaninyooshea. "Chukua Ulaya yako."

Ilikuwa imelowa, rangi ya mavi ya ndama. Niliibeba kwenye jani la mgomba, nimeinyoosha mbali na mwili.

Ofisa alipoiona aliruka. "Toa uchafu huo mezani!" Yule mama akatoa leso yake, akaipangusa viza polepole kama anayemfuta mtoto kamasi, mpaka tarehe na muhuri vikasomeka. Akaisogeza mbele. Ofisa akaikagua kwa ncha ya kalamu, amejiziba pua, akagonga viza mpya kwenye pasipoti mpya.

"Haya, sasa umeingia."

"Asante. Sasa naomba kutoka," akasema mama.

Kesho yake majirani wote walikuja kumuaga, na maziwa, na nyimbo. Alishika kila mkono. Nikawa nahesabu moyoni, ni huu, au ni huu? Landrova ikapiga honi, wao bado wanaimba. Nikamvuta kwa nguvu: "Mama, panda. Mtoto anakungoja. Hawa wamekwisha kupata chao." Nyimbo zikakatika. Mama yangu hakusema nami siku nzima.

Mvua zilipoanza ikaja barua yenye picha: yeye amekaa kando ya kitanda cha hospitali, kitoto kimefumba macho, na nyuma ameandika, "Nilifika usiku, akazaliwa asubuhi." Nililia kwa furaha pale pale kwenye ngazi za posta.

Kitongoji kizima kilikuwa kimesikia kabla sijafika nyumbani. Walinipokea njiani, yule mzee akiwa mbele. "Tuonyeshe basi mjukuu wetu!"

Nikawaambia picha haikuja.