Kichwa cha Matangazo

Mama yangu alitusomesha mimi na kaka kwa chanuo na kopo la mafuta ya nywele. Saluni hakuwa nayo. Alikuwa na benchi la saruji kwenye bustani ya mtaa, karibu na bembea. Mteja alikaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti ya mama, na umbea ukaanza hapo hapo.

Mimi nilikuwa tangazo. Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, alinisuka nusu kwa nusu: kushoto mistari ya kwenda nyuma, kulia misokoto. Akimaliza ananipiga kikofi begani. "Simama pale mbele watu wakuone." Basi nasimama njiani, nimenuna, na kila mwanamke anayepita ananigeuzageuza kama nyanya sokoni kabla ya kuchagua upande. Shuleni nilikwenda na kichwa hicho hicho wiki nzima, wenzangu wakicheka mpaka wanashika mbavu. Nikilalamika, mama ananijibu, "Kizuri chajiuza, mwanangu, lakini kwanza kionekane." Wateja walisukwa kichwa kizima. Nusu kwa nusu nilikuwa mimi peke yangu.

Nilipoanza kujitegemea, jambo la kwanza nilikwenda kunyoa. Mama alininunia mwezi mzima.

Sasa amezeeka na akili zimeanza kumtoroka. Kaka yangu mama anamjua, tena anamwita kwa jina. Mimi ananiita nesi. "Nesi, binti yangu yuko wapi?" Namwambia, mama, ndiye mimi. Ananitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Inauma, sitaficha. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, halafu anayekumbukwa ni yule anayekuja na ndizi mara moja kwa wiki.

Nikafuga nywele. Zilipofika pa kushikika, nikamwambia kaka nampeleka mama bustanini.

"Unamchosha bure, dada," akasema. "Hakumbuki hata alichokula."

"Wewe unaitwa jina lako. Nyamaza."

Bembea haipo tena, zimebaki nguzo zake tu zenye kutu. Nyasi pale tulipokuwa tunatandika mkeka zimeota vizuri, kama vile hatukuwahi kukaa. Lakini benchi lipo. Mama alilikalia bila kuambiwa, akalipapasa ukingo kwa kiganja. Nikatandika mkeka, nikakaa katikati ya magoti yake, nikampa chanuo na kopo la mafuta. Nilitaka kitu kimoja tu: anijue, hata mara moja, halafu asahau akitaka.

"Nywele hizi anazitunza nani, nesi? Kavu hivi."

"Mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Akaanza. Vidole havikuwa vimesahau chochote. Alivuta mpaka nyusi zikapanda, nikaguna, akasema, "Tulia." Nikasikia harufu ya mafuta yale, na magoti yake yamenibana masikio kama zamani, nikatamani asimalize. Mara akasimamisha mkono.

"Binti yangu anakuja saa ngapi? Wateja watafika."

"Atakuja, mama," nikasema. Nilikata tamaa pale pale. Nikawa nafikiria namna ya kumwambia kaka kwamba alikuwa na haki, na jinsi atakavyojishaua.

Mama akamaliza, akafuta mikono kwenye gauni lake. Nikapapasa kichwa nijue amenisuka nini. Kushoto, mistari. Kulia vidole vikakutana na misokoto. Nikarudia tena kushoto, nikarudi kulia, nisije nikajidanganya.

Nilipogeuka alikuwa anaitazama njia, kazini kabisa. Akanipiga kikofi begani.

"Simama pale mbele watu wakuone."

Nikaenda nikasimama. Mtu mzima na magoti yangu mabovu, kichwa nusu kwa nusu, machozi yananitiririka na wala siyafuti. Mwanamke mmoja aliyebeba mkoba wa kazini akapunguza mwendo, akanitazama upande mmoja, kisha wa pili.

"Dada, nani amekusuka?"

"Mama yangu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia pale kwenye benchi.

"Binti yangu huyo," mama akadakia, akiutandaza mkeka vizuri kwa mguu. "Wewe chagua upande."