Masikio Yaliyofungiwa kwa Remus

Otilia Murgu alikuwa mtu wa kukaa uso kwa uso na watu. Kazi yake ilimtaka hivyo. Kwa miaka kumi na sita, katika ofisi yake ya vyumba viwili pale mjini Lugoj, alikuwa akiwapima watu usikivu na kuwapachika vifaa vya kusikia, na wateja wake, karibu wote wazee, walimsikiliza kwa macho zaidi kuliko kwa masikio. Waliitazama midomo yake, wakaitikia kwa kichwa, wakacheka mahali pa kucheka.

Mwezi wa tatu mwaka ule virusi vikaingia mjini na midomo ikafichwa nyuma ya barakoa.

"Vua hicho kitambaa, dada!" Mzee Traian Bojin alimfokea siku ya kwanza. "Unaniongelesha ama unatafuna?"

Otilia alitamani kuivua. Akaacha. Mzee Traian alikuwa na miaka themanini na miwili, na nyumbani kwa Otilia mwenyewe kulikuwa na mume wake, Cornel, ambaye mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi la tanuri la matofali. Daktari alikuwa amemwambia Cornel asikaribie hata mtu anayefagia.

Basi wakabuni namna. Yeye na fundi wake, Remus Țăran, waliisukuma meza mpaka kwenye dirisha la uani. Mteja alikaa nje kwenye kiti cha mbao, Otilia akakaa ndani nyuma ya kioo, dirisha limefungwa kabisa, uso wazi. Hapo akasema taratibu, nao wakaisoma midomo yake kama zamani. Kifaa kilipita kwenye kidirisha kidogo cha juu, ndani ya kikapu kilichofungwa kamba. Chumba cha kupimia, kile kidogo kisichopitisha sauti, walikifunga, maana hewa yake ilikuwa haina pa kutokea.

Amri ilisema ofisi kama zao zihudumie dharura tu.

"Na nani kaamua kwamba sikio si dharura?" Remus aliuliza. "Lazima ni mtu anayesikia vizuri."

Remus alikuwa na miaka hamsini na tisa, hana mke, ana kisukari na mdomo usiotulia. Kazi ya kutengeneza aliihamishia jikoni kwake. Kila alasiri alipita na baiskeli, akachukua vifaa vibovu kwenye sanduku lililowekwa kizingitini, akaacha vilivyopona. Hawakukutana ndani. Isipokuwa Jumanne moja, mvua iliponyesha ghafla, na Otilia akamhurumia.

"Ingia basi, utalowa. Kahawa iko tayari."

Walikunywa wamesimama, huyu karibu na mlango, yule karibu na sinki. Remus alimsimulia jinsi jirani yake alivyonunua chachu ya kuumulia mikate ya kutosha miaka mitatu. Walicheka sana. Mvua ikakatika, akaondoka na sanduku.

Alhamisi asubuhi akapiga simu.

"Otilia, usishtuke."

"Ukishaniambia hivyo nimeshashtuka. Nini?"

"Homa. Thelathini na nane na nusu. Na kahawa yangu leo haina harufu. Nimeinusa, nimenusa mpaka mkebe wenyewe. Hakuna kitu."

Otilia alikaa chini. Kitu cha kwanza alichowaza, na baadaye alijionea aibu kwa hilo, hakikuwa Remus. Aliwaza kahawa ile ya Jumanne, na usiku wa siku mbili aliolala kando ya Cornel tangu siku ile.

Aliipigia idara ya afya. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyeuliza maswali yaleyale tangu alfajiri.

"Ulikaa naye karibu?"

"Dakika tano. Labda kumi."

"Na barakoa?"

"Tulikuwa tunakunywa kahawa."

"Uko wapi sasa?"

"Ofisini."

"Kuna choo? Kuna pa kulala? Basi baki hapohapo. Usirudi nyumbani. Watakuja kukupima."

Akampigia Cornel. Alijaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida, lakini mume wake alimjua.

"Umekohoa leo?"

"Nakohoa tangu mwaka wa tisini na saba, mke wangu. Nitajuaje kikohozi kipi ni kipya?"

"Cornel, sitanii."

"Hata mimi sitanii. Nitakuletea blanketi na supu. Nitaacha mlangoni."

Alikuja kweli. Alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, akamtazama Otilia akifungua mlango na kuchukua sufuria. Otilia alimhesabia pumzi kutoka mbali, asipate jibu.

Ndipo alipokumbuka masikio. Jikoni kwa Remus kulikuwa na vifaa kumi na kimoja. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa majumbani mwao wakisubiri, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwa Remus wala kutoa kitu. Angewapigia simu awaeleze, lakini hao walikuwa ndio watu wasioweza kuisikia simu.

Mmoja wao alikuwa Bi Zamfira Olariu. Miaka themanini na mitatu, anaishi peke yake ghorofa ya tatu, na kwa miaka thelathini na minane alikuwa ameunganisha simu za mji mzima kwenye posta. Aliahidiwa kifaa chake Ijumaa, na Ijumaa saa tano kamili, saa ambayo wazee walianza kuruhusiwa kutoka, alikuwa keshakaa kwenye kiti cha uani, kitambaa cha maua kichwani, karatasi yake ya ruhusa imekunjwa kiganjani.

Otilia aliusogeza uso kwenye kioo. "Kifaa hakipo, Bi Zamfira. Remus anaumwa."

Bi Zamfira aliisoma midomo yake mara mbili. "Anaumwa huo ugonjwa?"

Otilia akakubali kwa kichwa.

"Maskini." Aliongea kwa sauti ya juu, kama wanavyoongea wasiosikia sauti yao wenyewe. "Na wewe?"

"Sijui."

Kikongwe alirudisha kiti nyuma hatua tatu, akakaa tena. "Basi sikio langu la bandia limewekwa karantini na mimi nipo nje. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Kwanza sisikii chochote!" Akacheka peke yake, kisha cheko likaisha. "Binti yangu anapiga kutoka Torino kila jioni. Huko wanakufa kama kuku. Nisipopokea atadhani nini?"

Otilia aliandika namba ya binti huyo, akampigia yeye mwenyewe. Lakini maneno ya Bi Zamfira hayakumtoka akilini. Alasiri alifungua droo ya chini waliyoiita sanduku la marehemu, ambamo familia zilirudisha vifaa vya waliokufa. Alipata kimoja cha nguvu ileile. Kipande cha sikioni cha Bi Zamfira, kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake, kilikuwa kimebaki ofisini kwa kusafishwa. Kilichokosekana ni uhai: kifaa kile kilikuwa kimekatika waya wa ndani, mwembamba kama unywele, na Otilia hakuwahi kulehemu kitu maishani mwake.

Akampigia Remus kwa simu ya picha. Fundi alionekana kwenye mto, uso umeng'aa kwa jasho.

"Kifua vipi?"

"Usiniulize habari za kifua. Niulize habari za waya. Unaona ncha mbili hapo? Sogeza simu. Hapo. Ushike kwa kibano, si kwa vidole, mikono yako mikubwa kama ya mwokaji."

"Mikono yangu inatetemeka, Remus."

"Weka viwiko mezani. Vuta pumzi wakati... wakati risasi ya kulehemia inayeyuka." Alikatiza maneno kutafuta hewa. "Wewe vuta, mimi siwezi."

Mara ya kwanza aliunguza plastiki. Mara ya pili waya ukaruka. Jumamosi walirudia, kwa vipindi vya dakika kumi kumi, maana Remus hakuweza zaidi. Kila baada ya sentensi alipumzika, na mapumziko yakazidi kurefuka. Otilia alitaka kuacha. Kila alipotaja hospitali, Remus alitaja waya.

"Umeshaita gari la wagonjwa?"

"Nimeita. Wamesema wakipata nafasi. Rudi kwenye ncha ya kushoto."

Mchana huohuo watu wawili waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni walikuja, wakamwingiza Otilia kijiti puani na kooni, wakaondoka bila kuacha ahadi ya siku. Jumapili kabla ya saa tano, Otilia alikiweka kifaa sikioni mwake, akasikia saa ya ukutani ikipiga kama nyundo. Alitoa sauti ya furaha, akamwonyesha Remus. Remus aliinua kidole gumba tu.

Bi Zamfira alifika. Alikuwa na masizi kwenye mkono wa koti.

"Jana nimeunguza sufuria," alisema kabla hajakaa. "Nilisinzia. Jirani amepiga mlango kwa mateke, mimi sina habari, mpaka moshi ukawa unatoka dirishani. Amenitukana, nadhani. Nimeona mdomo wake."

Kifaa kilikuwa mkononi mwa Otilia, na Bi Zamfira alikiona.

"Ni hicho? Kimepona? Kiteremshe basi!"

Otilia alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Sijapata majibu. Nimekishika na kukiweka sikioni. Nikikupa ugonjwa?"

"Na nikiungua ndani ya nyumba?" Bi Zamfira alisimama, akakaribia kioo kuliko alivyotakiwa. "Mimi miaka yangu hii, unanichagulia kifo gani kilicho kizuri?"

Otilia alijiuliza kama ni hofu iliyomzuia au ni akili, na hakuweza kuzitenganisha. Mwishowe alisema, akitenganisha kila neno: "Usipike leo. Nitaagiza uletewe chakula. Uje kila siku uulize."

"Mkaidi wewe," kikongwe alisema, akaondoka bila kuaga. Cornel ndiye aliyempelekea supu Jumapili hiyo. Alitundika sufuria kwenye kitasa cha mlango, akagonga kwa jirani ili jirani akamwashie na kumzimia Bi Zamfira taa ya ukumbini, ishara ya kuonwa badala ya kusikiwa, mpaka atoke.

Jumatatu asubuhi simu ya Remus haikupokelewa. Otilia alipiga mara ya tatu, ya nane, ya kumi na tano. Saa nne dada yake Remus akampigia: wamemchukua alfajiri, wamempeleka hospitali ya Timișoara, amewekewa oksijeni. Hakusema zaidi kwa sababu hakuambiwa zaidi. Otilia alikaa sakafuni karibu na meza ya kulehemia, akalia huku ameziba mdomo, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Majibu yalitoka Jumanne. Hana virusi. Daktari wa idara akamwambia hata hivyo asitoke mpaka wiki mbili zitimie, na kwamba kifaa kikipanguswa kwa spiriti na kukaa siku moja, akitoe tu. Jumatano kikapu kikashuka. Bi Zamfira alikitia kifaa sikioni kwa vidole vilivyozoea, akazungusha kitufe, akafunga macho.

"Sema kitu," aliamuru.

"Nisamehe kwa Jumapili," Otilia alisema kupitia kidirisha cha juu.

"Sema kitu kingine. Hicho sina haja nacho." Kisha akafumbua macho. "Na wenzangu? Hao kumi?"

Otilia alimteremshia orodha kwa kikapu. Bi Zamfira aliishika karatasi mbali na macho, akaanza kucheka. "Huyu Bojin, ukutani kwake anapakana na familia ya Lăzărescu, niliwaunganishia simu ya kwanza mwaka wa sabini na mbili. Huyu ana mpwa mtaa wa pili. Niachie. Wewe utapiga kwa viziwi mpaka Pasaka. Mimi nitapiga kwa majirani."

Alifanya hivyo siku mbili mfululizo, akiwa kwake, kwa sauti yake ya posta. Majirani wakaenda na karatasi zilizoandikwa kwa herufi kubwa: kifaa chako kipo salama, Remus anaumwa, subiri. Otilia akaendelea kufufua vya marehemu, viwili, vitatu, sasa bila sauti ya kumwongoza, viwiko vimekaa mezani.

Alirudi nyumbani wiki mbili zilipotimia. Cornel alifungua mlango, akarudi nyuma mpaka jikoni, wakatazamana kutoka ncha mbili za ukumbi, hakuna aliyethubutu kuanza. Hakuwa ameugua. Mwezi mzima uliofuata walikula huyu mezani, yule karibu na dirisha, na kila Cornel alipokohoa kijiko cha Otilia kilisimama hewani.

Dada yake Remus aliporuhusiwa kuingia kwenye ile nyumba, alileta vifaa vyote kumi na kimoja ndani ya sanduku lilelile. Kimoja hakikuwa na wa kukivaa tena. Mzee Traian Bojin alikuwa amefariki wiki iliyotangulia, kwa moyo, si kwa virusi, na mkewe alikuja kukichukua hata hivyo. Alikaa kwenye kiti cha uani muda mrefu amekishika.

"Alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama tayari," alisema. "Nilikuwa namwandikia: bado."

Otilia alimwomba radhi. Mama yule akasema hakuna wa kuombwa radhi, lakini hakumtazama.

Remus alirudi mwezi wa sita, amepungua kilo kumi na nane, anapanda ngazi mbili na kusimama. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika kibano. Alivuta kiti mpaka kwenye meza ya dirishani, upande wa ndani safari hii, barakoa puani, dirisha wazi, akamtazama Otilia akilehemu.

"Nani kakufundisha kushika hivyo?"

"Mtu mmoja mwenye homa."

"Kakufundisha vibaya," Remus alisema, akapumzika kidogo, akamsogezea taa. "Anza upya."