Daftari la Mume wa Mkasi

Karakana nzima ya sare za shule ilimwita Mkasi, na jina hilo halikuwa la utani. Alikuwa mkata vitambaa. Akishachora kwa chaki, alikata mikono ya mashati tabaka ishirini kwa mpigo, na zote zikatoka sawa.

Alikuwa pia na kifafa. Vidonge vya zamani vilikizuia, haki isemwe, lakini vilimlewesha. Alisinzia mezani, maneno yakamjia kwa kuchelewa, chaki ikapinda. Daktari akambadilishia, akampa vipya ajaribu miezi mitatu.

"Tutalinganisha," alisema. "Ila mgonjwa haoni anavyoanguka. Daftari la kila anapoanguka ataliandika mtu wa nyumbani."

Mtu wa nyumbani ni mume. Hapo fisi alikabidhiwa bucha.

Kwa vidonge vipya Mkasi hakuanguka hata mara moja, na akili ikarudi. Mistari ilinyooka, msimamizi akaacha kumtazama kwa jicho la pembeni. Nyumbani nako aliamka: akaanza kumuuliza mume jioni anapitia wapi, na yale marashi kwenye shati ni ya nani. Mume akafungua daftari. Alichukua kalamu.

Siku ya kliniki daktari alifungua daftari, akahesabu kuanguka mara tisa.

"Hii Jumanne, saa nne asubuhi, jikoni," Mkasi alisema. "Saa nne mimi nilikuwa kazini. Waulizeni."

"Ndivyo anavyokuwa, daktari," mume alisema kwa upole. "Akizinduka anabisha."

"Wengi hawakumbuki, mama," daktari alisema. Akamrudisha kwenye vidonge vya zamani, akaongeza na kimoja.

Mwezi haukuisha, Mkasi akakata mikono arobaini, yote ya kushoto. Msimamizi hakugomba. Alimpa ufagio akusanye vipande.

Kliniki iliyofuata daftari lilikuwa jeupe, hakuna kuanguka. Daktari alimpa mume mkono. "Laiti kila mgonjwa angekuwa na mtu kama wewe."

Mkasi alikuwa na jibu la hilo. Alilitafuta kichwani, likaja polepole, neno moja baada ya jingine. Lilipofika mdomoni walikuwa wameshatoka nje hadi kwenye korido, mume amemshika kiwiko, na wanawake waliokaa kwenye benchi wakawa wanamsifu mume huyo.