Kombeo la Mama Deo

Jumapili ile tulikuwa tunafua. Kambi yetu ilikuwa juu ya kilima, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya watu ambako jeshi lilitupeleka kulinda amani. Chini ya kilima kulikuwa na bonde la mpunga, na mpunga ulikuwa umeshaanza kubeba masuke. Deo, askari mwenzangu kutoka kijiji cha Mbingu, alikuwa ameanika sare zake juu ya mifuko ya mchanga na kubaki na fulana na kaptura. Alikuwa analalamikia chakula, kama kawaida yake.

"Imelda, huu si mchele," aliniambia akichungulia sufuria. "Hii ni adhabu."

"Kula. Mama yako hayupo hapa."

"Angekuwepo angeulilia."

Mtu wa bonde la Kilombero akila mchele wa kwingine lazima aseme neno, hata kama ana njaa ya kufa. Mimi ni wa Lupiro, bonde hilo hilo, kwa hiyo nilimwelewa. Urafiki wetu ulianzia hapo tu: jioni tulikaa ukingoni mwa kilima, tukatazama bonde lile, tukasahau tulipo. Wenyeji walikuwa na madungu kama ya kwetu, vichanja vya miti vilivyoinuliwa juu ya mpunga, na akina mama na watoto walishinda humo kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga. Walipiga madebe, walipiga kelele, na walikuwa na makombeo. Asiyejua anadhani kombeo ni la kurushia madongo tu. Kombeo lililosukwa vizuri kwa katani, ukilizungusha na kuliachia kwa mkato, linalia hewani, paa! Kundi zima la ndege wa kwelea linanyanyuka. Wenzetu waliotoka mijini walishtuka siku za mwanzo, wakashika silaha. Mimi na Deo tulicheka mpaka mbavu zikauma. "Hao wanaamia tu," Deo aliwaambia, na taratibu kambi nzima ikazoea.

Jumapili ile jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeinamia beseni, nafua soksi. Ikasikika paa, kutoka bondeni.

Kisha nyingine, karibu zaidi.

Deo alisimama ukingoni, kiganja juu ya macho kukinga jua, akatafuta dungu lililotoa sauti ile. Alikuwa anatabasamu.

"Wanaamia," alisema.

Hakusema tena kitu.

Beseni lilitoboka. Maji yakanimwagikia miguuni, na hapo ndipo nilipojua kwamba zile zilikuwa risasi.

Nilimvuta kwa fulana nyuma ya mifuko ya mchanga. Alikuwa mzito. Tabasamu lilikuwa bado halijaondoka.

Mapigano yalichukua sehemu kubwa ya mchana. Sikumbuki kelele zake. Nakumbuka harufu ya sabuni.

Nilirudi nyumbani muda wangu ulipoisha, nikiwa mzima wa mikono na miguu, na kila mtu akamshukuru Mungu. Hata mimi nilimshukuru. Kisha msimu ukaja, mpunga wa Lupiro ukabeba, na watoto wa jirani wakapanda kwenye dungu lao. Kombeo la kwanza lilipolia nilikuwa nimesimama kwenye jaruba, napalilia. Nilipojitambua nilikuwa nimelala kifudifudi, matope mdomoni, moyo unapiga kama unataka kutoka. Vijana waliokuwa wanapita na baiskeli walicheka. "Afande kalala!" wakaitana. Sikuwalaumu sana, maana hata mimi na Deo tuliwahi kuwacheka wenzetu vivyo hivyo. Lakini iliniuma.

Basi nikahamia Ifakara, nikapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Watu walinihurumia kwa vumbi na kelele. Hawakujua kwamba kelele ile ndiyo niliyoifuata. Mashine ikiwaka, hata wakiamia mashamba yote ya Katindiuka, pembeni ya mji, mimi sisikii.

Kitu kimoja tu kilinifuata mpaka huko. Mama yake Deo, ambaye kila mtu anamwita Mama Deo, alikuwa anakuja mjini kukoboa mpunga wake, na kila alipokuja aliniuliza swali lile lile. Jeshi lilikuwa limemwambia kwamba mwanawe alikufa akiwa kazini, kishujaa. Alilipokea neno hilo kwa heshima, akaomba misa, akaweka msalaba. Lakini neno la kishujaa halikumtosha.

"Imelda mwanangu, wewe ulikuwepo. Niambie tu kitu kimoja. Aliogopa?"

Kila nilipofungua mdomo, koo lilijifunga. Si kwamba sikutaka. Sauti ilikataa kabisa. Mama wa watu alinitazama, akanishika bega, akasema, "Basi, siku nyingine," akapakia magunia yake. Nami nilijua anachoondoka nacho. Kukaa kwangu kimya alikuwa anakusoma kama jibu, tena jibu baya.

Ndiyo maana nilikwenda hospitali. Shangazi yangu alikuwa ameshanipeleka kwa mtaalamu wake wa dawa za kienyeji huko Lupiro, nikaoga dawa, nikanuka wiki nzima, na kombeo likilia nikalala chini vilevile, na harufu juu yake. Daktari wa afya ya akili alikuwa binti mdogo kwangu, mpole, anaongea kama anasuka ukili. Nilimweleza yote, au yale ambayo koo liliruhusu.

"Sauti ikiingia sikioni, dada, inashika njia mbili," aliniambia. "Moja ya mkato, inakwenda kwa mlinzi. Ni kisehemu kidogo, ndani kabisa ya ubongo. Nyingine inazunguka kwenda kwenye sehemu inayofikiri. Mlinzi hangoji maelezo. Anaamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni, moyo ukimbie, misuli ikaze, koo likauke. Ubongo wa mbele, hapa kwenye paji la uso, ukija kusema 'ni kombeo tu,' wewe tayari uko kwenye matope."

"Kwa hiyo sijarogwa."

"Hujarogwa."

"Na huo wa mbele haumwambii mlinzi anyamaze?"

"Unamwambia. Ndiyo kazi yake. Lakini kwako njia ya kumfikia mlinzi imeota majani, na njia ya mlinzi imekuwa barabara. Tena kuna sehemu nyingine inayotunza kumbukumbu za mahali na wakati. Hiyo ingetakiwa kumkumbusha kwamba hapa ni Lupiro, siyo kule. Kwako sauti yake ni ndogo."

Nilikaa nikimfikiria huyo mlinzi. Kisha nikauliza swali ambalo sikuwa nimepanga. "Siku ile kilimani, mlinzi wa Deo alikuwa wapi?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo lilinifanya nimheshimu. "Alikuwepo. Lakini mlinzi hufundishwa. Wake alikuwa amefundishwa, tangu utotoni labda, kwamba sauti hiyo ni ya nyumbani."

Alinifundisha kutoa pumzi ndefu kuliko ninayovuta, kwa sababu pumzi ndefu inayotoka hupunguza mbio za moyo. Akasema pia kwamba mashine ya kukoboa haitaniponya, itanificha tu. Nitafute mahali penye sauti ile, mchana, pamoja na mtu ninayemwamini, nikae mpaka mwili ujionee wenyewe kwamba hakuna risasi. Nirudie hivyo mara nyingi. Nilimwambia namjua mtu mwenye dungu.

Nilifika Mbingu asubuhi kwa bodaboda. Shamba la Mama Deo liko upande wa mtoni, mpunga ukiwa umeinamisha vichwa. Yeye alikuwa juu ya dungu, kanga kichwani, kombeo mkononi na rundo la madongo pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Panda, lakini shika hiyo nguzo ya kulia, ya kushoto imeliwa na mchwa."

Nilimwambia kilichonileta, yaani sauti. Hakucheka. Aliniweka nyuma yake, akaniambia kila atakapotaka kuliachia kombeo atanitangulizia neno. Kundi lilipokuja alisema, "Haya, naachia," na mwili wangu ukaruka vilevile, karibu niangushe dungu zima. Lakini baada ya kombeo alipiga ule ukelele wa kuamia, mrefu, unaopanda mpaka pumzi inakwisha kifuani. "Nawe piga," aliniambia. Nikapiga. Tulipiga pamoja, asubuhi nzima, mpaka sauti zikakwaruza, na kwelea wakahamia kwa jirani. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa natoa pumzi ile ile ya daktari, ila hii ilikuwa na faida ya mpunga.

Jua lilipofika utosini alinikatia muhogo wa kuchemsha. Akaanza kuongea mwenyewe, akitazama mto.

"Deo alikuwa mwoga. Nyie hamkumjua hivyo. Akiwa mdogo nilimleta humu dunguni, kombeo likilia anajificha kwenye kanga yangu, analia mpaka anatapika. Nami niko peke yangu na shamba, nitafanyaje? Nikamfundisha. Kila nikiliachia namwambia, usiogope, huyo ni mama. Paa! Huyo ni mama. Mpaka akaanza kucheka." Alifukuza nzi kwenye muhogo. "Sasa nalala nafikiri, huko alikokufa, nani alimwambia asiogope?"

Niliweka muhogo wangu chini. Sasa nilijua ninachotakiwa kumwambia, na nilijua kina makali pande zote mbili. Moyo ulianza mbio zake. Nilitoa pumzi. Nikatoa nyingine.

"Mama, hakuogopa."

Hakugeuka.

"Kulikuwa na mashamba ya mpunga chini yetu. Watu walikuwa wanaamia. Risasi ya kwanza ililia kama kombeo. Alisimama kuangalia. Akatabasamu, akasema, 'Wanaamia.' Basi. Hakujua kitu kingine."

Upepo ulipita kwenye mpunga. Mama Deo alikaa vilevile, kombeo mapajani, dongo likiwa tayari ndani yake.

"Alitabasamu?"

"Alitabasamu, mama."

"Kwa hiyo alidhani ni mimi."

Alilia polepole, bila sauti, na nilishindwa kujua analilia lipi, kwamba mwanawe hakuogopa, au kwamba ni yeye aliyemfundisha asiogope. Nadhani hata yeye hakujua. Kundi la kwelea lilikuja kutoka upande wa mtoni, likazunguka, likatua katikati ya shamba. Mkono wake ulikuwa juu ya kombeo. Haukuinuka.

Ule ulikuwa mpunga wa mwaka mzima. Nililichukua kombeo kutoka mapajani mwake, nikasimama, nikalizungusha kama nilivyofundishwa utotoni Lupiro, nikaliachia.

Paa.

Mwili wangu uliruka, kama nilivyotarajia. Lakini nyuma yangu Mama Deo naye aliruka. Alishika kifua kwa mikono miwili, macho yamemtoka, yeye aliyeliachia kombeo tangu akiwa msichana. Tulitazamana. Ndege walikuwa wamekwishaondoka.

Sasa nakwenda Mbingu kila nikipata nafasi. Mimi naendelea vizuri, daktari anasema hivyo, na ni kweli kwamba siku hizi sianguki. Mama Deo haulizi tena swali lile, jibu analo. Anasema analala vizuri kuliko zamani. Kazi ya shamba imebadilika tu kidogo. Kombeo limetundikwa kwenye nguzo ya kulia ya dungu, Mama Deo haligusi tangu siku ile, na katani yake imeanza kufumuka. Tunaamia kwa sauti, mimi na yeye, mpaka tunachoka. Kwelea wameshatuzoea, na upande wa mtoni wamekula karibu mpunga wote.