Mitungi Miwili ya Buluu Njiani Kwenda Eldoret

Sikuenda Eldoret kutembea. Nilienda kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa anaishiwa pumzi. Nyumbani tunamwita Kukhu, yaani nyanya, na ndiye aliyenilelea watoto wote watatu wakati mimi nauza mboga sokoni. Nimonia ilimshika wiki ya mvua nyingi. Tukamlaza katika dispensari ya kanisa letu huku Lugari, na nesi Akinyi, dada mmoja mtulivu aliyetoka upande wa ziwa, akamwekea oksijeni.

Asubuhi hiyo Akinyi aliniita nje. Ambulensi ilikuwa gereji. Mtungi uliokuwa unampa Kukhu hewa ulikuwa wa mwisho, na mshale wa geji, kile kipimo cha hewa, ulishaanza kulala. "Nikimtoa nimpeleke Eldoret, hewa itaisha njiani," akasema. "Afadhali oksijeni imfuate hapa. Lakini ifike kabla ya jua kuzama, Mama Nafula. Baada ya hapo sikudanganyi."

Nikamwita shemeji yangu Wanjala, mwenye pikapu ya kubeba mahindi. Tukatoa stoo mitungi miwili mitupu, tukailaza nyuma juu ya magunia. Ilikuwa mizuri, jamani! Askofu alipotutembelea, akina mama wa kanisa walipaka rangi kila kitu kisichokimbia: mawe ya njia, vigogo vya miti, pipa la maji, na mitungi pia. Yote buluu ya Mama Maria, na msalaba mweupe tumboni. Tulipoipakia nilijiambia hata huko Eldoret watatuona sisi ni watu wa maana.

Kuanzia mto Kipkaren barabara inapanda, na malori ya Uganda yanapanda nayo polepole yakitema moshi. Nyuma yetu mitungi ilikuwa inabingirika. Kila kona, ngong'! Wanjala akacheka, akasema inatupigia kengele. Mimi nilikuwa nawaza kifua cha Kukhu, sikuwa na habari na kelele za mitungi.

Turbo tulipita bila kusimama. Tulipofika kituo cha mafuta cha Maili Nne, Wanjala akasimama bila kuniuliza, akajaza jerikeni ya dizeli ya trekta yake, akaiweka nyuma pamoja na mitungi. Nikamuuliza kama ana akili. Akasema, "Shemeji, gari ikienda tupu ni hasara." Yaani mama yake yuko kitandani na yeye anahesabu hasara! Lakini ndivyo alivyo, moyo ukimuuma anatafuta kazi ya mikono.

Eldoret ilitupokea na baridi na kale kaupepo kake ka kuuma masikio. Kiwanda cha gesi kiko ndani kidogo, mbali na barabara kuu. Langoni askari aliangalia pikapu yetu, akaangalia jerikeni, akaturudisha nyuma kwa mikono miwili kana kwamba tumeleta nyuki. "Hiyo dizeli haiingii hapa. Na simu zima." Wanjala akabishana, wapi! Jerikeni ikabaki nje kando ya ukuta, na sisi tukaingia.

Ndani alikuja fundi wa kukagua mitungi, msichana mrefu wa Kikalenjin anaitwa Chebet, buti nzito miguuni na chaki sikioni. Alituamkua vizuri, "Karibuni Mama, karibuni," kisha akainama juu ya mitungi yetu. Nilikuwa nangoja aisifu. Akapitisha kidole kwenye bega la mmoja, pale chuma kinapoanza kubana kuelekea shingoni, halafu akasimama.

"Mama, hii siwezi jaza."

"Kwani ina nini?"

"Nani alipaka rangi?"

Nikamweleza habari ya Kukhu anayengoja hewa kabla ya jua kuzama, kisha ya askofu. Hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye safu za mitungi yao. Ilikuwa imepangwa wima, kila kundi na mnyororo wake kifuani. Akaionyesha moja moja. Mwili mweusi na bega jeupe, oksijeni ya hospitali. Mwingine rangi yake, mwingine yake. Mwisho akagusa wa buluu. "Hii ni gesi ya usingizi, ile ya kulaza mtu kabla ya kupasuliwa. Nesi akiamshwa stima imepotea, anashika tochi anaangalia bega. Haangalii msalaba. Sasa mama yako akiwekewa hii, ataamka?"

Mimi kunyamaza sikuzoea. Nikawaka. "Wewe msichana! Mtu anakufa Lugari unanieleza rangi? Weka hewa, rangi nitapaka mimi mwenyewe nikifika!"

"Mama, sijakataa kukusaidia," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nimekataa kujaza nisichokijua. Maandishi yake yako chini ya hiyo rangi. Tukiyasoma na yakiwa sawa, unaenda na oksijeni leo."

Saa ya chakula ilikuwa imefika. Wapakizi, wengi wao vijana wa kutoka mtaa wa Langas, walikuwa wamekaa kwenye kivuli na ugali wao na sukuma. Chebet aliwaambia maneno machache tu: kuna mama hana hewa, jua likizama amekwisha. Mkubwa wao, Mzee Barasa, akafunika sahani yake, na ya mwenzake pia. Nikamwambia, "Mzee, kula kwanza." Akajibu, "Ugali hautoroki, mama." Kumbe ni mtu wetu, kwao ni ng'ambo tu ya mto.

Wakanawa mikono kwa sabuni, na mimi nikaambiwa ninawe kama nataka kusaidia, kwa kuwa mafuta na oksijeni ni maadui, hata mafuta ya kujipaka. Nikanawa mpaka viwiko. Wakachukua brashi za waya, wakaketi wawili wawili kila mtungi, na rangi ya akina mama ikaanza kuanguka vipande vipande. Kijana mmoja akasema, "Wueh, hii ni koti ngapi? Mlikuwa mnapaka ama mnaplasta?" Tukacheka wote, hata mimi niliyekuwa na machozi.

Chini ya rangi, herufi zikatokea. Zilikuwa zimegongwa kwenye chuma chenyewe: namba ya mtungi, jina la gesi, uzito wake ukiwa mtupu, nguvu ya hewa unayoweza kuhimili, na mara ya mwisho ulipopimwa. Chebet alipiga magoti akazisoma, akizipitishia chaki zionekane. Mtungi mzima ulikuwa umeandikwa maisha yake yote begani, na sisi tulikuwa tumeyafunika tukidhani tunaupendezesha.

Wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili, muda wake wa kupimwa ulishapita, tena kitambo. Chebet akauchora msalaba mkubwa wa chaki.

Nikamwomba. Nilimwita binti yangu, nikamwita mama, nikamwita hata daktari. Nikamwambia mtungi huu umefanya kazi miaka yote na haujawahi kumdhuru mtu. Wanjala naye akaongeza, "Fanya tu kidogo, madam. Nusu."

Chebet akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ili tuwe sawa macho. "Nikiujaza, unaweza kufika salama. Unaweza pia kupasuka mkiwa Turbo, wewe na shemeji mko mbele na watu wa soko wako kando. Mimi kwa kuangalia siwezi kujua ni gani. Ndio maana kuna kipimo. Acha hapa, tutaupima kwa kuusukumia maji kwa nguvu, ukipita tutawaletea. Huu mmoja utamvusha usiku, na kesho mtapanga ambulensi."

Nilimchukia kwa muda wa kumeza mate. Halafu nikamwangalia vizuri. Ingekuwa rahisi kwake kutujazia tuondoke, tukalipukie mbali naye, na hakuna ambaye angemjua. Hasira yangu ikaisha hapo hapo.

Basi wakafanya kazi, na natamani mngeiona. Kwanza walijihakikishia ndani ya mtungi hamna kitu kingine. Wakaufunga kwenye mashine, hewa ikaanza kuingia kwa mlio mdogo, na hakuna aliyeharakisha hata nilipokuwa nakanyaga chini kama mbuzi. Ulipojaa, Chebet akapaka maji ya sabuni kwenye valvu, akatazama kama kuna povu. Hakuna. Akapaka bega rangi nyeupe inayokauka haraka, akizizunguka herufi kwa uangalifu. Akabandika kibandiko cha kijani chenye picha ya mtungi, na kando yake cha njano chenye duara linalowaka moto, kumwambia kila mtu kwamba hii ni hewa iliyoshindiliwa na inachochea moto. Akaandika jina oksijeni, tunakotoka na tunakokwenda. Mwisho akafunga kofia ya chuma juu ya valvu. "Hii ikianguka bila kofia na shingo ivunjike," akasema, "itaruka kama roketi. Mlikuja bila kofia?"

Wanjala akaharakisha kufungua nyuma ya pikapu.

Mzee Barasa aliosha nyuma ya pikapu kwa sabuni palipomwagika dizeli, akafunga fremu ya mbao, akausimamisha mtungi na kuukaza kwa mikanda miwili, mmoja chini na mwingine juu. Akautikisa kwa nguvu zake zote. Gari ndiyo iliyotikisika. Langoni Wanjala alitaka jerikeni yake. Chebet, aliyekuwa ametusindikiza, akasema, "Chagua moja, shemeji." Jerikeni ikabaki Eldoret.

Tukishuka kurudi Turbo, polisi walitusimamisha. Afisa aliona vibandiko kabla hata ya kuuliza leseni. "Oksijeni. Ya nani?" Nikamwambia. Akasimamisha lori zima la mahindi katikati ya barabara ili sisi tupite. Mbele kidogo ng'ombe wakaingia barabarani na Wanjala akakanyaga breki hadi paji langu likagonga kioo. Nikageuka upesi. Mtungi ulikuwa palepale, haujasogea hata unene wa kidole. Nikasema, "Asante, Barasa," kwa sauti, na Wanjala akadhani nimeumia kichwa.

Dispensari tuliifikia jua likiwa juu ya miti ya mikaratusi. Nesi Akinyi alikimbia mlangoni, lakini kabla ya kuunganisha alisimama akasoma bega, akasoma kibandiko, akasoma jina. Safari hii sikumpigia kelele. Nilimngojea asome mpaka mwisho. Ndani, mshale ulikuwa kwenye nyekundu na midomo ya Kukhu ilikuwa imepauka. Akinyi akabadilisha, akafungua, maji ya kile kichupa ambamo oksijeni hupitia yakaanza kuchemkachemka. Niliketi chini sakafuni nikalia, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza huko nakisema wazi. Nilikuwa nadhani mtu mwema ni yule anayekukubalia. Siku ile mtu alinikatalia mara mbili, uso kwa uso, nikiwa ninalia, na kwa kukataa kwake mimi na Wanjala tuko hai na Kukhu alipata hewa iliyo hewa. Watu wale hawatujui. Waliacha chakula kikapoa kwa ajili ya mgonjwa ambaye hawatamwona kamwe, wakaufunga mtungi wake kama mtu anavyomfunga mtoto wake mgongoni kabla ya kuvuka mto.

Kulipopambazuka Kukhu alifungua macho. Nikamsimulia yote, rangi, Chebet, Barasa, jerikeni, naye akasikiliza mpaka mwisho. Nikaenda jikoni kwa nesi nikamletea kikombe cha chai, maziwa kidogo tu. Akakiangalia, akasogeza ile barakoa ya oksijeni kando kwa kidole kimoja.

"Wewe," akasema, "ongeza maziwa. Usiniletee chai ya matanga na mimi bado niko hapa."